Tabora inaonekana kuliko Dar, hapo kuna shida

Juzi usiku nilikaa na data za sensa ya 2022, nikazifungua kwenye QGIS (programu ya bure kabisa, hata laptop ya kawaida inaibeba) nikawa natengeneza zile ramani za kukoleza rangi, wataalamu wanaziita koropleti, yaani mkoa wenye namba kubwa unakolea, wenye ndogo unafifia. Nikapakia idadi ya watu kama ilivyo. Aisee Tabora ikatoka imeshiba rangi, watu 3,391,679, na vile mkoa wenyewe ni mpana jicho linakimbilia pale moja kwa moja, huku Dar yenye watu 5,383,728 ni kadoa tu pale pwani mpaka ukatafute.

Ramani za hivi ndo zinazunguka sana kwenye magrupu na zinaniuma kweli, maana mtu anaangalia anaamini. Jumla haipakwi rangi jamani, gawanya kwanza! Dar ina kilomita za mraba kama 1,400 hivi, ukigawanya unapata karibu watu 3,900 kwa kila kilomita ya mraba, Tabora ina zaidi ya 76,000 kwahiyo inashuka mpaka kama 45. Kama ni wagonjwa wa malaria basi unagawanya kwa idadi ya watu, siyo kwa eneo.

Nikagawanya, nikasema nimemaliza, kumbe bado. Nilichagua madaraja 5 (makundi ya namba, kila kundi na rangi yake) yenye upana sawa kwa mikoa 26 ya bara, ikatoka Dar peke yake imekolea na mikoa 25 yote iko daraja la chini kabisa, rangi moja, yale matatu ya katikati hayana hata mkoa mmoja. Mwanza ndo inafuata na haifiki hata 400, sasa itapanda wapi? Nikabadilisha nikaiambia igawe mikoa kwa idadi sawa kila daraja, hapo ramani ikapendeza sana ila Mwanza na Dar zikawa rangi moja, wakati Dar imeizidi karibu mara kumi. Data zilezile, ramani mbili, hadithi mbili. Ndo maana mi nikipewa ramani naanza na ufunguo wake pale pembeni, nasoma mipaka ya madaraja, rangi baadaye. Na kama hauna ufunguo siisomi.

Mwishowe mipaka nimeiweka mwenyewe kwa mkono, 25, 50, 100, 200, na Dar nikaipa daraja lake.

Kingine kilichonisumbua ni Lindi. Rangi inatandazwa mkoa mzima sawasawa kama vile watu wamesambazwa kwa mwiko, wakati sehemu kubwa ni pori la wanyama, huko hakuna kijiji. Nikashuka ngazi ya wilaya, Liwale ikafifia kabisa karibu na nyeupe na wilaya nyingine zikabaki na rangi kidogo. Sasa hivi natafuta mipaka ya kata.