Marudio Yanaendelea, Malipo Yalikwisha Zamani

Nikipita Marikiti, swali ni lile lile: "Dada, yule msichana wa ile tamthilia yuko wapi siku hizi?" Muuza viungo ataniuliza, mwenye duka la leso Biashara Street ataniuliza, hata dereva wa tuktuk akishanitambua atageuza shingo aniulize. Wanajua kazi yangu ni mavazi ya kwenye seti, basi wanaona habari zote za waigizaji ninazo mimi.

Nikiwajibu kwamba yuko hapa hapa Mombasa, anakaa kwa mamake Kisauni, na juzi alinipigia simu kuulizia kama nimesikia kazi yoyote, hawaamini. "Mbona jana usiku tumemwona?" Mlimwona kweli. Mliyoyaona ni marudio, na kwa marudio hayo yeye hakupata hata shilingi.

Jambo hili linaniuma, nami nataka kulisema leo waziwazi, kwa sababu ninawapenda watu hawa na ninaipenda kazi yenyewe.

Pwani yetu imepata neema miaka hii. Zamani mtu wa Pwani akionekana kwenye runinga, mara nyingi alikuwa mganga, au mvivu aliyelala chini ya mnazi. Kisha zikaja tamthilia za jioni. Jiffy Pictures, kampuni ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, ambao wengi tuliwazoea kwa kutusomea habari, ilituletea Maria mwaka 2019 kwenye Citizen TV, Yasmin Said akiwa ndiye Maria mwenyewe. Mwaka 2021 ikafuata Zora, na 2022 Sultana. Hiyo Sultana ndiyo iliyotukosha hasa. Mwanaasha Johari anaigiza binti asiyeona, na dunia inayomzunguka ni yetu: ushungi unavyofungwa, ugomvi wa mawifi, salamu za asubuhi, matusi ya mafumbo. Bara nzima ikakaa kitako kutusikiliza tunavyosema.

Nasema haya kwanza ili mtu asidhani nimekuja kuwalaumu waliotufungulia mlango. Kabla ya hapo mwigizaji wa Mombasa alikula wapi? Alikula kwenye vitabu vya kutahiniwa. Kikundi kinakusanyika, kinaifanyia mazoezi tamthilia ya mtihani, kisha kinazunguka nayo shule hadi shule, au wanafunzi wa kidato cha nne wanaletwa kwa mabasi Little Theatre Club na kila mmoja analipa kiingilio. Wengine walikuwa kwenye michezo ya mitaani. Filamu ya Watatu ya 2015, iliyoongozwa na Nick Reding wa shirika la SAFE, inayohusu vijana wa Mombasa wanaovutwa kwenye itikadi kali, ilianzia barabarani, mbele ya watu waliosimama juani. Ukimwona mwigizaji wa kwetu hababaiki mbele ya kamera, jua amewahi kuigiza mbele ya watoto mia tatu wanaopiga kelele bila maikrofoni.

Basi hawa si watu waliookotwa. Wana ufundi, na ufundi huo nauona kwa karibu kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye ninayewagusa nguo kati ya picha na picha.

Niwape mfano. Tulikuwa tunashuti ndani ya nyumba ya Mji wa Kale, msimu wa kaskazi, joto la kutosha kuchemsha chai. Sauti ikirekodiwa feni huzimwa na madirisha hufungwa, maana maikrofoni husikia pikipiki mpaka ya Makadara. Binti alikuwa na sini ya kupokea habari ya msiba. Analia, dairekta anataka tena kutoka upande wa pili; analia, taa imesogea, tena; analia, mwenzake amekosea mstari, tena. Kila mara yale machozi yalikuwa ya kweli. Mimi kazi yangu ni kuhakikisha ushungi uko vile vile ulivyokuwa: ncha ya kushoto juu ya bega, pini mbili chini ya kidevu, mkunjo mmoja kwenye paji. Ninazo picha kwenye simu za kulinganisha. Nilikuwa na mitandio mitatu ya rangi moja. Mmoja kichwani mwake, mmoja nimeuanika kwenye kiti, mmoja naukausha kwa mashine ya nywele kwa sababu jasho na machozi viliulowesha kabisa. Nikimsogelea na pini mdomoni, yeye machozi bado yanamtiririka, ananiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Uko sawa, dada? Usinifungie chini sana, nashindwa kuinua kichwa." Nikitoka tu mbele ya kamera, anarudi palepale kwenye kilio alipokiacha.

Tulimaliza usiku. Alivua, akanikunjia nguo mwenyewe ingawa si kazi yake, halafu akaanza kuuliza nani anavuka daraja la Nyali ampe lifti.

Sini hiyo imerudiwa sijui mara ngapi. Imekatwa vipande, imewekwa TikTok, watu wameigiza juu ya sauti yake. Kituo kinauza matangazo kabla yake na baada yake. Yeye alilipwa pesa ya siku ile, ikakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, ikaisha.

Mkataba wake niliuona. Chumba cha mavazi ndicho chenye kioo, kiti na mlango unaofungika, kwa hiyo mambo mengi ya siri hupitia kwangu. Kampuni siitaji, wala haina haja, maana nimeona karatasi za namna hiyo kutoka kwa zaidi ya mmoja. Uliletwa asubuhi ya kushuti, jenereta limeshawashwa, watu wa vipodozi wanamwita. Kiingereza cha mawakili, kurasa juu ya kurasa. Mahali fulani katikati imeandikwa kwamba anatoa haki zake zote za sura na sauti, kwa njia zote zilizopo na zitakazovumbuliwa, duniani kote, daima dawamu. Aliniuliza, "Hapa wanasema nini?" Nikamweleza nilivyoelewa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nisipotia sahihi watamwita mwingine." Akatia sahihi juu ya meza yangu ya pasi.

Alikuwa na haki kuogopa. Wangemwita mwingine.

Sasa kuna watu husema mambo ndivyo yalivyo dunia nzima, mwigizaji analipwa siku yake basi. Si kweli. Marekani waigizaji wa chama chao, SAG-AFTRA, waligoma tarehe 14 Julai 2023 na hawakurudi kazini mpaka Novemba 9, siku 118, na mojawapo ya mambo makubwa waliyokuwa wakiyadai ni haya haya: kazi ikiendelea kuonyeshwa kwenye majukwaa ya intaneti, aliyeigiza apate sehemu yake. Waandishi wa skripti walikuwa wameshagoma tangu Mei. Mara ya mwisho makundi hayo mawili kugoma pamoja ilikuwa 1960, na mgomo wa mwaka huo ndio uliowapatia waigizaji fungu la pesa filamu za sinema zikiuzwa kwa televisheni. Kwa hiyo wale wenye majina makubwa tunaowaona kwenye zulia jekundu walisimama barabarani na mabango ili yule anayeonekana dakika mbili kwenye kipindi alipwe marudio. Hapa kwetu mwigizaji mkuu mwenyewe halipwi.

Na sheria hatukukosa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mwigizaji kuwa ana haki katika kile alichokiigiza, na kuna chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya kazi kila inapotumika, ya waigizaji na waimbaji. Nje huko kuna Mkataba wa Beijing wa 2012 kuhusu maonyesho ya picha na sauti, ulioanza kutumika Aprili 2020. Lakini haki uliyoisaini juu ya meza ya pasi umeshaiuza, na hakuna chama kitakachokukusanyia ulichokwisha kukitoa.

Ninawasikia maprodusa pia, maana ninakula nao wali mmoja. Wanasema kituo ndicho kinachoagiza kazi, kituo ndicho kinachoimiliki, wao wenyewe wakishakabidhi vipindi hawaoni senti ya marudio. Hilo ni kweli kwa wengi wao. Na wanunuzi nao hawatulii. Januari 2024 Prime Video, jukwaa la filamu la Amazon kwenye intaneti, ilitangaza kuacha kuagiza kazi mpya Afrika. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ikaichukua MultiChoice, wenye chaneli za Maisha Magic ambako tamthilia nyingi za Kiswahili zimepata makao. Kila habari kama hiyo ikitoka, simu yangu hujaa ujumbe wa sauti kutoka kwa waigizaji: dada, hii ina maana gani kwetu? Sina jibu la kuwapa zaidi ya kwamba anayetegemea mlango mmoja atatetemeka kila ukigongwa.

Lakini kama produsa naye hapati, basi hiyo ni sababu ya kudai pamoja naye. Haiwezi kuwa sababu ya mwigizaji kukaa kimya.

Kitu kinachonifanya nisikubali kunyamaza ni maradhi. Mzee Ojwang wetu, Benson Wanjau, alituchekesha kwenye Vitimbi karibu maisha yetu yote. Aliposumbuliwa na macho, wananchi ndio waliochanga. Alifariki Julai 2015. Mwaka 2024 tukampoteza Winnie Bwire, aliyekuwa Dida kwenye Sultana, kwa saratani, na kabla ya hapo tulikuwa tumeona akichangiwa matibabu mitandaoni. Nililia siku ile. Watu walichanga kwa upendo, na Mungu awalipe. Lakini fikirini: sura inayoingia sebuleni kwa watu kila jioni, ambayo matangazo yanauzwa juu yake, ikiugua inategemea nambari ya M-Pesa iliyobandikwa chini ya picha. Mwigizaji hana mwajiri wa kumkatia bima. Tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asiye na mshahara hupigiwa hesabu ya mchango wake na kutakiwa alipe wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu aliyefanya kazi miezi minne kisha akakaa minane atautoa wapi kwa mkupuo? Sehemu ndogo tu ya marudio ingetosha kumlipia.

Wapo waliopata njia. Sarah Hassan, mzaliwa wa Mombasa hii, tulimjua akiwa Tanya kwenye Tahidi High, kisha Zora, kisha Crime and Justice ya Showmax. Lakini ninachomheshimia zaidi ni Alfajiri Productions, kampuni yake mwenyewe, iliyotoa filamu ya Plan B mwaka 2019. Yeye alitambua mapema kwamba anayemiliki ndiye anayekula baadaye. Si kila mwigizaji ataweza kufungua kampuni, wala si haki kumtaka afungue kampuni ndipo alipwe jasho lake. Lulu na Rashid nao ni ushahidi kwamba mtu wa Pwani akimiliki, watu wa Pwani wanapata kazi. Ningependa kuona kampuni kama hizo ziwe kumi, na moja yao iwe ya kwanza kuandika kwenye mkataba: kila marudio, asilimia fulani kwa waliocheza. Iwe mbili, iwe moja, bora iandikwe. Ikishaandikwa na mmoja, mwingine ataulizwa kwa nini yeye hajaandika.

Kwa vijana wetu wanaonisoma, wa Likoni, wa Changamwe, wale wanaofanya mazoezi jioni pale kituo cha vijana cha Swahilipot karibu na Ngome ya Yesu: mkataba hauombwi kwa ugomvi. Unasema, "Naomba nakala niende nayo nyumbani, nitairudisha kesho." Ukiona "daima" na "njia zote", uliza, "Na ikirudiwa je? Ikiuzwa nchi nyingine je?" Ukijibiwa hakuna, angalau ulizeni mkiwa wawili, watatu, wote mliomo kwenye seti, siku moja. Mtu mmoja huitiwa mbadala. Waigizaji wakuu wote hawawezi kuitiwa mbadala asubuhi moja na nguo zimeshapimwa. Nguo hizo nazishona mimi, najua.

Kuna kazi mpya inaanza Mji wa Kale baada ya Ramadhani, nami nimeshaitwa kupima. Watakaopita kwangu nitawauliza kifua, kiuno, urefu wa mkono, na kama mkataba wameusoma kwao nyumbani. Ambaye hajausoma, kiti kipo, mlango unafungika, na tutausoma pamoja kabla sijamfunga pini ya kwanza.