Chenji ya kodi ikawa michoro

Jamani kuna kitu nimesoma hadi chai imepoa. Tarehe 5 Februari 1911 radi ilipiga jengo la bunge la jimbo la Missouri, Marekani, likaungua, wananchi wakakubali kodi maalum ya kujenga jipya, sasa kumbe kodi ikaleta hela nyingi kuliko ujenzi wenyewe, ikabaki kama dola milioni moja hivi. Kwetu hapo chenji ingeshapata miguu, tusidanganyane. Wao wakaunda kamati ya watu watano, wanaume wanne na mama mmoja, mwenyekiti profesa wa historia ya sanaa anaitwa John Pickard, kazi yao hela yote iishie kwenye jengo lile lile.

Na hawakulipua. Michoro ya ndani ya kuba wakampa Frank Brangwyn wa Uingereza, vita vya wenyewe kwa wenyewe akachora N.C. Wyeth, na juu kabisa mwaka 1924 wakasimamisha sanamu ya Ceres, mungu wa kike wa mavuno wa Warumi wa kale. Wakamaliza 1928.

Baadae 1936 Thomas Hart Benton, huyu alipewa kazi na bunge lenyewe sio kamati, akachora ukutani hadi mama anamfuta mtoto makalio. Waheshimiwa wengine walinuna 😂 ila mchoro upo mpaka leo.