Chemba zikiungana, pesa ipite wapi?

Wisconsin, Marekani, ina chemba za biashara, yaani vyama vya wafanyabiashara, za Wahmong (watu wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki), Walatino, Wamarekani Weusi na wenyeji wa asili. Zikiomba ruzuku pamoja, waandikiane kwanza: nani anapokea pesa, nani anaandika ripoti, nani analipwa lini. Hilo la lini ndilo linalovunja ushirika! Ruzuku nyingi ni za marejesho, unatumia kwanza ndipo urudishiwe, na chemba yenye mfanyakazi mmoja haina akiba ya kusubiri. Mwenye mtaji awatangulizie wenzake.

Mikopo midogo ya SBA, shirika la serikali ya Marekani la biashara ndogo, hufika dola 50,000, ila hupitia taasisi za kati. Chemba isiyokopesha impeleke mwanachama kwa inayokopesha, pamoja na mkalimani. Mama muuza mboga asisainishwe karatasi ya Kiingereza asiyoielewa.