Sekunde za Kuipita Semi

Watu walioniona nikitafuta Subaru Forester yenye tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada, mwaka 2017 walidhani naitaka kwa ajili ya Mlima Kitonga, ule wa barabara ya Morogoro kwenda Iringa. Kitonga haihitaji nguvu farasi. Pale kona zimefuatana, upande mmoja ni korongo, malori yanapanda kwa gia ya kwanza, na mwenye farasi 300 anapanda kwa mwendo uleule wa mwenye 140. Paliponisumbua ni kwingine: miinuko mirefu ukishaipita Ilula kuelekea Iringa, na kipande cha Mikumi hadi Morogoro, ambako semi inakwenda kilomita 55 kwa saa, mbele kuna uwazi, na dereva ana muda mfupi wa kuamua apite au abaki.

Gari langu lilikuwa Forester ya 2005, otomatiki ya gia 4, injini ya cc 1,994 isiyo na tabo, farasi 140 kwa hesabu ya kitabu. Hesabu hiyo ni ya hewa ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi na silinda inavuta oksijeni kidogo. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Toa asilimia 15, unabaki na farasi wasiozidi 120, na hapo una watu wanne na gunia la viazi nyuma. Yenye tabo ina cc zilezile ila farasi 220, na tabo huisukumia injini hewa mpaka ifikie kipimo kilichopangwa, hivyo mlimani haipungukiwi kama mwenzake. Inafanya hivyo kwa kuzunguka kasi zaidi na kupata joto zaidi, na joto hilo ndilo linaloamua uweke oili gani na uimwage lini.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kung'oa injini yangu na kufunga yenye tabo iliyotumika Japani, zile zinazouzwa Dar zikiwa pamoja na giaboksi. Bei yake inavutia mpaka uandike vinavyoambatana nayo: kompyuta ya injini na waya zake zote, krosimemba (mhimili unaobeba injini) yenye nafasi ya kupitisha bomba la tabo, pampu ya petroli yenye nguvu zaidi, intakula (kipoza hewa ya tabo), boneti yenye tundu la kuipa upepo, ekzosi nzima, halafu difu ya nyuma, yaani gia zinazogawia matairi nguvu. Kwenye difu ndipo wengi wanapoharibu. Uwiano wa meno ya difu ya nyuma lazima ulingane na ule wa mbele ulio ndani ya giaboksi. Ukipishana, matairi ya mbele na ya nyuma yanavutana muda wote, na klachi inayogawa nguvu mle ndani inaungua. Breki nazo zinabaki zilezile za farasi 140. Tena namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ni lazima kwenda TRA kuibadilisha. Njia hiyo niliiacha mapema.

Ya pili ilikuwa kubadilisha gari zima. Mwalimu mmoja pale Iringa mjini alikuwa anauza Forester ya 2004 yenye tabo kwa milioni 14. Langu lingeuzika milioni 10.

Fundi wangu wa Ipogolo hakukataa. Alisema tu, "Dada, tuhesabu kwanza hao farasi uliowalipia. Huenda hawapo wote."

Tukaanza na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Injini ipashwe moto kwanza, fyuzi ya pampu ya petroli itolewe, plagi zote nne nje, betri iwe na chaji ya kutosha, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini, halafu unapiga stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Tulipata 145, 148, 144 na 147 kwa vipimo vya psi. Anayesoma kitabu cha injini akiwa Iringa angeshtuka, maana kitabu kinataka zaidi ya hapo; lakini geji nayo inasukumwa na hewa nyepesi ileile. Ukiwa juu ya mlima, angalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10, kuna vali isiyofunga, ringi zilizochoka au gasketi. Zangu zilikuwa nzima.

Hasara ilikuwa kwingine. Nafasi ya plagi ilikuwa imepanuka hadi karibu milimita 1.5 badala ya 1.1. Filta ya hewa ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Na sensa ya nokingi, ile inayosikiliza kama injini inagonga, inayokaa juu ya bloku chini ya bomba la hewa, ilikuwa na ufa kwa sababu ya umri na joto. Kosa hili linawapoteza wengi. Sensa ikipasuka, kompyuta hudhani injini inagonga, inachelewesha cheche ili kuilinda, na gari linakuwa zito huku likila mafuta zaidi, wakati mwingine hata taa ya dashibodi haiwaki. Kuibadilisha ni boliti moja ya 12, ila isikazwe kwa hasira: nyutoni mita 24 zinatosha. Ukizidisha, unaipasua mpya.

Nilipima kabla na baada, alfajiri, kwenye kipande kilichonyooka nje ya mji, abiria ndiye ameshika simu. Nilipima kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, kwa sababu ndiyo safari yote ya kuipita semi. Chini ya 60 vijiji vyote ni 50 na trafiki wako na tochi za kupima mwendo. Juu ya 100 sina kazi napo. Kabla ya matengenezo ilikuwa sekunde 13.1, baada ya hapo 10.4. Mwalimu aliponiruhusu kulijaribu lake, nilipata 6.2.

Geuza sekunde kuwa mita, ndipo utaona maana yake. Kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde 10.4 ni mita 230, na anayekuja mbele yako kwa mwendo huohuo naye amekula 230. Nahitaji kuona barabara tupu ya mita 460. Kwa tabo zinatosha kama 275. Kati ya Ilula na Iringa uwazi wa mita 300 upo mara nyingi, wa 460 ni wa kutafuta. Kwangu hapo ndipo hoja ya tabo iliposimama.

Kukagua gari lenye tabo ni kazi ya nusu siku, na anayekuuzia akikuharakisha, ondoka. Mwalimu hakutuharakisha. Tulifika saa 12 asubuhi tukashika boneti kuhakikisha ni baridi, maana injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha mengi. Tukaliwasha, tukaliacha likiunguruma bila kukanyaga mafuta dakika tano, kisha fundi akakanyaga ghafla. Moshi wa bluu hapo ungekuwa sili za tabo au bomba la kurudisha oili lililoziba. Moshi mweupe usioisha na wenye harufu tamu ungekuwa kulanti (maji ya kupoza injini) inayoingia silinda. Haukutoka wowote. Akavua mpira wa hewa, akashika ncha ya shafti ya tabo kwa vidole. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, kwa sababu shafti huelea juu ya oili. Kwenda mbele na nyuma isicheze, na bapa za feni yake zisiwe na alama ya kugusa ukuta. Ndani ya intakula kulikuwa na utando mwembamba wa oili, jambo la kawaida. Dimbwi lisingekuwa la kawaida.

Kompresheni ilisoma 124, 126, 125 na 122. Injini ya tabo husoma chini kuliko isiyo na tabo, imetengenezwa hivyo. Rejeta haikutoa mapovu. Fundi aliipandisha hadi mizunguko 3,000 akaachia, akisikiliza mgongano wa beringi za mikono ya pistoni, ule mlio wa nyundo ndogo wakati mizunguko inashuka. Hapakuwa na kitu. Nilichofurahia zaidi ni kwamba gari halikuwa limeguswa: hakuna kifaa cha kuongeza presha ya tabo, hakuna vali ya kupuliza hewa nje, ekzosi ni ileile lililotoka nayo kiwandani. Hili nalisisitiza kwa kila anayeniuliza. Injini hizi zimepangwa kwa petroli ya Japani yenye okteni (kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila kugonga) karibu 100. Yetu iko chini ya hapo, hivyo hata hizo farasi 220 huzipati zote, na anayeongeza presha juu yake anapasua pistoni.

Kasoro zilikuwepo. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa mapya, ya mbele yamebaki milimita 3 za meno. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu manne hilo ni sawa na kosa la difu nililolitaja: mzingo ukitofautiana, klachi inateseka. Mkanda wa taimingi haukuwa na kumbukumbu ya kubadilishwa. Bila karatasi, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa, kwa sababu ukikatika vali zinagonga pistoni. Mpira wa intakula ulikuwa na mpasuko. Na ndani ya boliti inayopeleka oili kwenye tabo, kile kichujio cha wavu kidogo kuliko kifuniko cha kalamu kilikuwa kimeziba karibu nusu. Kikiziba chote, tabo inakufa kwa kiu ya oili.

Tulimwonyesha mwalimu kimoja kimoja. Matairi manne 800,000, mkanda pamoja na roli zake na pampu ya maji 450,000, oili, kichujio, plagi na mpira 250,000. Jumla milioni 1.5. Alishuka hadi milioni 12.8.

Nilikaa na hesabu siku mbili. Barabara kuu langu lilikuwa linakwenda kilomita 11 kwa lita, lake 8.5. Kwa kilomita 18,000 za mwaka ni tofauti ya lita 480, na kwa petroli iliyokuwa kama shilingi 2,100 pale Iringa, inapita milioni moja kila mwaka. Julai hiyo serikali ilikuwa imefuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuongeza ushuru wa shilingi 40 kwenye kila lita, kwa hiyo anayechoma zaidi ndiye anayelipa zaidi. Ningekuwa naishi Dar, usawa wa bahari, nikishinda kwenye foleni ya Mandela, ningebaki na langu bila kufikiri mara mbili. Lakini naishi juu, na kila wiki mbili napita katikati ya malori. Nikalipa.

Matengenezo yote tuliyafanya kabla sijatoka nalo nje ya mji. Oili niliweka sintetiki ya 5W-40, ya kumwagwa kila kilomita 5,000. Ile ya kwanza tuliimwaga mapema, kwenye 3,000, kwa kuwa hatukujua kichujio kile kilichoziba kilikuwa kimekaa hivyo muda gani. Nikipanda Kitonga na kusimama Ilula kununua nyanya, nasubiri dakika moja kabla ya kuzima, ili oili isiungue ndani ya tabo iliyo moto.

Siku ya kumwaga, fundi alikata kopo la filta kwa kikata filta kisichoacha unga wa chuma, akaikunjua karatasi juani, akapitisha sumaku kwenye kila mkunjo. Sumaku ilitoka tupu. Akafunga filta mpya kwa mkono, akajaza oili, akaniambia niwashe.