Sarafu ya Velathri

Alasiri moja ya baridi, miaka niliyokuwa nikisoma Pisa, mimi na mwenzangu wa darasani, Mtaliano, tuliingia Volterra kwa miguu kupitia Porta all'Arco, lango la Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, ambalo vichwa vyake vitatu vya mawe vimelika kwa upepo na mvua hata havina tena macho wala pua. Tulikwenda moja kwa moja Makumbusho ya Guarnacci, kwa kuwa nilitaka kuziona sarafu za karne ya 3 KK.

Hazikugongwa kwa nyundo. Zilimiminwa kwenye kalibu, nzito na nene, na kutu ya kijani ilikuwa imetanda hadi pembeni. Kwenye ile kubwa kuliko zote niliona kichwa kimoja chenye nyuso mbili za ujana, zisizo na ndevu, zikitazama huku na huku chini ya kofia moja iliyochongoka. Mwenzangu alisema ni Janus, mungu wa milango wa Warumi. Nilimkatalia, na hata leo ningemkatalia: Janus aliye kwenye sarafu za Roma zenye omo ya meli ana ndevu, ilhali Waetruski walikuwa na mlinzi wao wa milango, Culsans, ambaye sanamu yake ndogo ya shaba nyeusi iliyopatikana Cortona mwaka 1847 ina nyuso mbili changa kama hizi.

Upande wa pili palikuwa na pomboo aliyezungukwa na herufi. Mwenzangu alijaribu kuzisoma kutoka kushoto, hakupata neno. Mimi nilikuwa na jedwali la alfabeti yao daftarini, lakini kilichonisaidia zaidi ni chuo cha utotoni, ambako kidole changu kilizoea kufuata mstari kutoka kulia. Nikaanzia huko, herufi baada ya herufi, mpaka nikatamka kwa sauti: Velathri, jina la mji wenyewe.

Mwisho wa safu ilikuwapo sarafu ndogo yenye nukta moja, alama ya sehemu moja ya 12 ya sarafu nzima, ambayo kwa Kilatini ni uncia. Neno hilo lilipita kwa Wagiriki na Waarabu hadi likatufikia sisi likiwa wakia, kipimo ambacho bibi yangu alipimiwa dhahabu yake kwa sonara. Niliinama karibu na kioo. Hata kwenye kipande hicho kidogo, mungu wa milango alikuwapo, na nyuso zake zote mbili.