Kabla hujasaini barua ya chuo cha Marekani

Tangu Juni 2025 simu yangu haitulii. Vijana wa huku Eldoret wamesikia kwamba vyuo vya Marekani sasa vinawalipa wanamichezo, na kila mwenye muda mzuri wa mita 5,000 anataka nimwambie atapata ngapi. Mpwa wangu yeye alikuja na hesabu tayari, kaiandika nyuma ya daftari la kemia: dola milioni 20.5 gawanya kwa wanamichezo 500, zidisha kwa shilingi 129. "Mjomba, si hiyo ni milioni tano na ushee kwa mwaka?"

Hesabu hajakosea. Shida ni kwamba vyuo havigawi hivyo.

Katika kesi ya House, ambayo wanamichezo walikishtaki chama cha michezo ya vyuo vya Marekani (NCAA) wakidai malipo, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano tarehe 6 Juni 2025: kila chuo kinaruhusiwa, wala hakilazimishwi, kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Vyuo vikubwa vingi vimetenga karibu robo tatu ya fedha hizo kwa futiboli yao ya Kimarekani, na sehemu kubwa ya kinachobaki kwa basketboli ya wanaume. Wa mbio za nyika akipata kitu, ni makombo.

Halafu kuna viza. Mtoto wetu anaingia kwa F-1, viza ya mwanafunzi, ambayo kwa kawaida inamruhusu kazi za ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Tangu Julai 2021 mwenzake Mmarekani anaweza kulipwa kwa kutangaza viatu au soda. Yeye akipiga picha hiyohiyo kwenye uwanja huohuo, anahatarisha viza yake. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa basketboli ya vyuo Marekani mwaka 2022 akiwa Kentucky. Timu ilipokwenda Bahamas kucheza mechi Agosti mwaka huo, ndiko alikofanyia kazi zake za matangazo, nje ya ardhi ya Marekani. Mtu anavuka bahari ili apigwe picha! Sasa huyo ni nyota wa basketboli. Mkimbiaji wa mita 10,000 nani atamsafirisha?

Linaloniumiza zaidi ni neno "full", yaani ufadhili kamili wa masomo, ambalo maajenti wanalitamka kama salamu. Kwa miaka mingi timu ya riadha ya wanaume katika daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili 12.6 tu wa kugawana, mbio za nyika zikiwa humohumo. Kocha alikata vipande: huyu nusu, yule robo. Mimi nilipewa kilichoitwa kamili, lakini barua ilikuwa ya mwaka mmoja. Kocha aliyeniandika akahamia chuo kingine, aliyekuja akataka warusha mkuki, na ufadhili wangu ukashuka hadi nusu. Baba aliuza ng'ombe wawili. Chuo sikitaji, maana bado kina Wakenya.

Sasa kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano kikomo hicho kimeondolewa, kikawekwa cha idadi ya wachezaji: 45 katika riadha, 17 katika mbio za nyika. Kocha akibanwa hivyo hana nafasi ya kulea mtu. Anamtaka atakayeleta pointi msimu huu. Kwa hapo, niseme kweli, sisi tunafaidika, na manung'uniko ya wazazi wa Kimarekani, kwamba tunachukua nafasi za watoto wao, nayasikia. Doris Lemngole, Mkenya wa chuo cha Alabama, alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:58.15 Juni 2025. Utamwachaje?

Washington State nao, mwezi huohuo, walifuta mitupo na miruko, wakapunguza mbio fupi, nguvu zote zikaelekezwa kwenye masafa marefu. Hicho ndicho chuo cha Henry Rono, Mnandi aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 ndani ya siku 81, mbili kati yake akiwa Berkeley na Seattle. Wazee wetu waliwajengea hao jina bila senti ya matangazo.

Mpwa wangu bado anataka kwenda, na namsukuma aende. Shahada bila deni ni kitu kikubwa, hata asipopata dola moja ya mgao. Lakini nimemwandikia maswali ya kumuuliza kocha kwa barua pepe, si kwa simu: ufadhili ni asilimia ngapi, ni wa miaka mingapi, nikiumia nyonga je, wakati wa likizo ndefu nalala wapi na nani analipa, bima inagharamia nini. Kocha mmoja amejibu yote siku iliyofuata. Mwingine ametuma picha ya uwanja.