Kigari cha watoto wawili, kutoka Wete hadi Kariakoo

Sikukuu iliyopita ya Idd el-Fitri tuliwapeleka watoto Unguja kutembea, na kigari cha kuwasukumia kikaenda nasi. Tangu turudi, kila mteja anayekuja kuchukua nguo yake na kukiona kimeegemea ukuta nyuma ya cherehani swali lake ni moja: vipi, kinafaa? Na anayeuliza utamkuta ana mimba kubwa na mtoto mwingine kamshika pindo la buibui. Nimechoka kueleza huku nakata kitambaa, kwa hiyo naandika mara moja, atakaye asome.

Kwenye kiwanja cha michezo ya watoto kinafaa, tena sana. Njiani ni mzigo juu ya mzigo. Sasa hesabu mwenyewe safari yako ina njia nyingi au kiwanja kingi.

Chetu si cha dukani. Wifi yangu anayekaa Uingereza alipomaliza kulea alikitia kwenye kontena pamoja na magodoro na baiskeli za watoto, kikatufikia hapa Wete, Pemba, miezi mingi baadaye. Ni kile ambacho watoto hukaa bega kwa bega, si kile cha kiti kimoja mbele na kingine nyuma. Mimi ni mshonaji, kitu kisipopimwa sikiamini, nikachukua tepu: gurudumu hadi gurudumu, sentimita 76. Upana huo haukuja hivi hivi. Marekani, kwa mfano, sheria inataka mlango wa jengo la umma uwe na uwazi usiopungua inchi 32, kama sentimita 81, ili mtu wa kiti cha magurudumu apite, na wenye kutengeneza vigari hujibana humo humo. Wifi aliwahi kwenda nacho Disney World, kiwanja kikubwa cha michezo kule Florida. Anasema tangu Mei 2019 wana kanuni: kigari kisizidi upana wa sentimita 79 wala urefu wa sentimita 132, na vile vigari vya kuvuta kama mkokoteni hawavitaki kabisa. Kwa hiyo chetu Disney World kinaingia bila neno. Mlango wa nyumba tuliyofikia Mkunazini, Unguja, ndio ulionipa kazi, nitafika huko.

Viti vilikuja vimechanika. Nilivua kitambaa chote, nikakifanya patani ya kukatia, nikashona kipya kwa turubai nyepesi na sponji ndani. Mikanda ya kuwafungia watoto niliiacha ile ile ya kiwandani, kwani hapo siuamini uzi wangu. Kufuli ya kukunjia ilikuwa imelegea, nikaizungushia mpira wa kiuno mara tatu na kitanzi, na hadi leo inashika. Mama mkwe alitaka nitundike kanga mbele, kuwakinga na jua na jicho la watu. Nilikataa kwa adabu. Kanga ikiziba mbele hewa haipiti, ndani huwa joto kuliko hata nje, na mtoto wa mwaka mmoja hana ulimi wa kusema anaungua. Nikakata chandarua kuukuu nikashona pazia la neti. La jua likaisha kwa paa la kigari na neti. La jicho mama alilimaliza mwenyewe, na alivyolimaliza ni baina yake na wajukuu zake.

Tulikuwa watano. Thuwaiba ana miaka minane, anatembea na mdomo unatembea. Nassir ana mitatu, Ilham mmoja. Mimi na baba watoto. Tuliondoka siku ya pili, maana mkesha wa sikukuu mshonaji halali na sikukuu yenyewe analala.

Kutoka Wete mpaka Mkoani unapita karibu kisiwa chote. Tulikodi Noah, kwani kwenye daladala kigari kingepandishwa juu ya paa na mimi ningekaa chini roho iko juu. Bandarini hamali akakizunguka akakitazama.

"Mama, hichi kitanda au gari?"

"Kigari cha watoto. Shilingi ngapi mpaka botini?"

"Kwa mizigo miwili..."

"Miwili vipi, baba? Hicho si kimoja?"

"Kwani viti si viwili?"

Baba watoto alicheka mpaka akashindwa kupatana, ikabidi nipatane mimi.

Kwenye boti kilikunjwa kikawekwa kwenye mizigo, na ndivyo nilivyotaka. Nimewaona watu wanaomwacha mtoto amefungwa humo ndani ya chombo kwa sababu amelala. Usifanye hivyo. Kitu cha magurudumu kwenye sakafu inayoyumba hakiaminiki hata kikiwa na breki, na mtoto aliye ndani ya mikanda humnyakui kwa mkupuo mmoja. Sisi watu wa Pemba tangu Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander upande wa Nungwi, hatuhitaji kuelezwa kwa nini mtoto akae mikononi. Siku ya safari yetu bahari ilichafuka kidogo tu. Ilham alilala, Nassir akalitapikia buibui langu jipya.

Tulifikia kwa shangazi yake baba watoto, Mkunazini. Kutoka bandarini ukiwa na mkoba tu ni kutembea na kusalimia watu. Ukiwa na sentimita 76 mbele yako ni mtihani. Njia za Mji Mkongwe zilikatwa kwa ajili ya mtu na punda, kisha zikaongezewa baraza pande zote mbili, kisha Vespa. Inapokuja Vespa kigari hakina pa kukimbilia. Wewe ndiye unayesimama, mwenye Vespa akizima, anashuka, mnapangana kama mbao za dari. Nyuma yetu palikuwa na kijana wa mkokoteni wa maji anapiga "Simile! Simile!" na mimi mbele yake nakwenda mwendo wa bibi harusi. Baadaye nikaona nafaidika naye: yeye akipiga simile, watu wanajibana kwenye baraza, na njia tunapata sote.

Sasa mlango. Nyumba ya shangazi ni ya zamani, mlango wa kuchonga wa pande mbili. Siku zote hufunguliwa upande mmoja. Ule wenye mfaa hubaki na komeo lake. Upande mmoja ule mtu mnene hupita kiubavu, sikwambii kigari. Na chini pana kizingiti kirefu hadi kwenye muundi wa mguu. Shangazi akatoka, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye kigari.

"Mwanangu, mlango huu hufunguliwa wote kwa maiti na kwa harusi. Wewe leo umeniletea nini?"

Komeo lilikuwa limeshika kutu. Baba watoto alipiga nyundo, nikatia mafuta ya cherehani (nilikuwa nayo mkobani, usiniulize kwa nini), ukafunguka wote. Kigari kikalala dakani siku zote tulizokaa, na kila jirani aliyepita kuja kupokea biskuti alikaa juu yake kujaribu.

Alasiri tukaenda Kariakoo ya Unguja. Kwa asiyejua, pale pana kiwanja cha kufurahishia watoto, ndugu yake cha kwetu Tibirinzi kule Chake Chake. Vyote viwili viko chini ya mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Tulitoka Mkunazini hadi Darajani, tukavuka barabara kuu, tukashika njia ya Michenzani chini ya yale majumba marefu. Kuanzia Darajani kigari kikawa kigari. Lami, nafasi, magurudumu yanazunguka. Nilikisukuma kwa mkono mmoja, wa pili nimemshika Thuwaiba. Watoto walivaa nguo nilizozishona mwenyewe za kitambaa kimoja, na wakikaa bega kwa bega watu walidhani ni pacha, wakawa wanawapa mkono wa Idd kwa jozi. Sikumkosoa mtu.

Hapo ndipo nilipoona faida yake, na wala si ile niliyoitarajia. Nilidhani kigari ni cha kubebea watoto. Kiwanjani watoto hawabebeki, wanataka kushuka. Kigari kinakuwa kituo. Maji, nepi, nguo za kubadilisha, mkate wa ajemi, viatu vya Nassir alivyovikataa, vyote viko kwenye kikapu chake cha chini. Thuwaiba akimaliza kupanda anajua arudi wapi. Kwenye mkono wa kusukumia kigari nilifunga ukanda wa kitambaa cha rangi ya chungwa nilichobakiza kwenye gauni la mteja, kwa maneno ya wifi: Disney World, anasema, kigari huingii nacho kwenye foleni ya michezo mingi, unakiacha mahali pa kuegeshea, na wafanyakazi huvipanga upya, ukirudi unakuta mamia vinafanana. Kariakoo vilikuwa vichache mno. Lakini ukanda ule uliwasaidia watoto kuniona katikati ya watu, na mimi kuwaelekeza: nendeni kwenye chungwa.

Jambo jingine la huko Disney ambalo tulilichukua: mzazi mmoja anapanda na mtoto mkubwa, wa pili anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Kule ni utaratibu rasmi. Sisi tulimweleza tu kijana wa mlangoni, akatazama kigari, akamtazama Ilham amelala, akaitikia kwa kichwa. Nikapanda na Thuwaiba. Miaka sijapiga ukelele vile, na nikauona ushungi wangu unapepea upande wa Mwembekisonge.

Ila jueni hivi: kiti kikibaki tupu sikukuu, kina mgeni. Nassir kashuka tu, mama mmoja simjui, katoto kake kamesinzia begani, akaniambia, "Dada, nishikie huyu, namfuata mwenzake," akamweka, akapotea kwenye watu. Mtoto wa miaka miwili hivi, suti ya vipande vitatu, tai imeenda nyuma ya shingo, miwani ya plastiki juu ya paji, na mkononi kafumbata noti ya elfu moja iliyokunjwa mpaka ikawa kama kidonge. Amelala lakini ngumi haikulegea. Nikaanza kukisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, na Ilham pembeni yake kamshika mkono wa koti. Mama mtu alirudi na mwenzake, na dada wa huyo mwenzake, na sambusa kwenye gazeti. Tukala tumesimama. Akaniuliza kigari kimetoka wapi, nikamwambia Uingereza. Akaniuliza kitambaa kimetoka wapi, nikamwambia Wete, kwangu, na namba yangu akaichukua. Kashaleta kazi ya magauni manne kwa boti.

Kitu kimoja cha kuangalia kiwanjani. Mikoba isining'inizwe kwenye mkono wa kusukumia. Watoto wakiwa wamekaa haionyeshi kitu, lakini wakishuka wote wawili uzito wote unabaki nyuma na kigari kinakwenda chali. Mzigo ukae chini, kikapuni, baina ya magurudumu.

Usiku Forodhani hatukwenda nacho. Siku za kawaida njia za bustani ile zinapitika vizuri, kwani zimesakafiwa tangu ilipokarabatiwa 2009. Lakini usiku wa sikukuu watu ni bega kwa bega, moshi wa mishkaki unakwenda chini chini, na mtoto aliyekaa kigarini anaona magoti ya watu tu. Ilham nilimbeba mbeleko kwa kanga, Nassir akakaa mabegani kwa baba yake akiomba maji ya miwa.

Kurudi ilikuwa kama kwenda, ila hamali wa bandari ya Malindi, Unguja, alihesabu mzigo mmoja.

Kwa hiyo wenzangu, kama unafikia Mji Mkongwe, tafuta kile cha kiti mbele na kiti nyuma. Ni kirefu na kukikata kona ni kazi, lakini upana wake ni kama wa mtoto mmoja na shangazi hafungui komeo. Kama unafikia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, Jang'ombe au Mpendae, kwenye njia za gari, hata cha bega kwa bega hakina tabu. Kama mkubwa ameshatimiza minne, acha chote nyumbani, beba kanga mbili. Na magurudumu yakiwa ya upepo kama yetu, yanapita kokoto vizuri kuliko yale magumu, ila yanataka kujazwa. Pampu ya baiskeli inaingia.

Idd el-Hajj, Mungu akipenda, hatuvuki maji. Tunakwenda Tibirinzi, gari mlangoni Wete, gari mlangoni Chake, na kigari kitakwenda. Kwa sasa hakipo: dada mmoja wa Bopwe mwenye pacha wa miezi saba kakiazima kwenda nao harusini, atakirudisha Jumamosi. Anayekitaka baada yake aje na pampu yake, yangu imepasuka mpira.